Firigisi ya Mshiriki wa Arobaini

Aliyetunga masharti ya utafiti ule hakuwa amewahi kukanyaga Bungoma, la sivyo angetunga mengine. Aliandika kwamba watu wenye afya nzuri wameze tembe za majaribio, dawa mpya ya kutibu homa ya ndege, kwa siku ishirini na nane, na kwamba siku hizo zote wasile kuku, wasimshike kuku, wasiguse yai, unyoya wala mchuzi. Sababu alizitoa, tena zilikuwa nzuri: mtu akionyesha dalili yoyote, wataalamu wajue kama imeletwa na dawa au imeletwa na kuku. Lakini Bungoma jamani! Angewaambia wasinywe maji, watu wangejaribu.

Homa yenyewe ilikuwa haijafika. Ilisikika redioni tu, mara imeua bata huko mbali, mara imeingia kwa ng'ombe wa wazungu. Wataalamu walihofu kwamba siku itakayoanza kupita kutoka mtu hadi mtu, dunia itakuwa haina muda wa kutafuta dawa. Kwa hiyo Bungoma dawa ilitangulia, na ugonjwa ukawa unasubiriwa.

Sista Rosaline, muuguzi wa utafiti, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya zahanati, friji ndogo, na daftari lililojaa mistari ya kalamu nyekundu. Kila mstari ulikuwa mtu aliyeshindwa na kuku. Mmoja alitembelewa na mchungaji. Mwingine alifiwa, na matanga ni matanga. Wa tatu, mwalimu mzima, alijitetea kwamba yeye hakumgusa kuku, ni kuku aliyemgusa yeye: alikuwa amejilaza kochini akarukiwa kifuani. Walioanza walikuwa sitini na watatu. Waliobaki walikuwa arobaini, na arobaini ndiyo ilikuwa idadi ya chini kabisa. Akipungua mmoja, utafiti ungefungwa pale na kuanza upya mji mwingine.

"Mzee Wabwile," Rosaline alimwambia siku ya kumi na nne, akimbandika pamba mkononi baada ya kumtoa damu, "wewe ndiye wa arobaini. Nikikupoteza wewe, sina kitu."

Levi Wabwile alikuwa karani mstaafu wa stoo. Tangu astaafu hakuna aliyemhitaji kwa lolote ila kushikilia ngazi vijana wakipanda kurekebisha paa. Hapa kliniki walimuuliza analalaje. Walimuuliza kama anaota, kama anakojoa sawasawa, kama magoti yanamuuma asubuhi au jioni, na kila alichosema kikaandikwa. Miaka sitini na miwili, na hakuna aliyewahi kuandika majibu yake. Hakujua kama anachomeza ni dawa au ni unga mtupu, maana nusu yao walipewa unga wa kulinganishia, na hata Rosaline hakujua nani anameza nini. Hilo halikumsumbua Wabwile hata kidogo. Alimeza saa moja kamili ya asubuhi, amesimama wima, kofia mkononi.

*

Kasheshe ilikuwa nyumbani. Mtaani walishaanza kusema kwamba wanaomeza ile dawa watamea manyoya kwapani, na mkewe Phelista alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu kuliko ugonjwa. Kwa hiyo Wabwile hakumwambia. Alimdanganya, na kama uongo mwingi wa wanaume wazee, uongo wake ulianza vizuri.

"Nimefunga," alisema usiku wa kwanza, akisukuma sahani.

"Umefunga chakula?"

"Nimefunga kuku. Mpaka mwezi uishe. Ni jambo kati yangu na Mungu."

Phelista aliishika sahani isianguke. "Kuku peke yake?"

"Na mayai."

"Na nyama ya ng'ombe?"

"Ng'ombe Mungu hakutaja."

Phelista aliguswa mpaka machozi. Miaka thelathini na minne alikuwa amemwombea mume huyu apate kiu ya mambo ya rohoni, na sasa kiu imekuja, tena imepitia mahali pagumu kabisa. Jumapili akatoa ushuhuda. Mchungaji akamsimamisha Wabwile mbele ya kanisa na kumwombea kwa jina, na wazee wawili wa kanisa wakajiunga na mfungo huo wakiwa wamejaa bidii. Walivumilia hadi Jumanne.

Kuku wa boma, kumi na mmoja, Wabwile alisema wanamvuruga akiomba. Wakafungwa miguu wakapandishwa pikipiki hadi Kapsokwony kwa dada yake Phelista, kubadilisha hewa. Walipokuwa wakikamatwa yeye alisimama mbali katikati ya mahindi, anaelekeza kwa fimbo. Na kila siku saa nane mchana simu yake ilipolia, alichomoka mbio hadi nyuma ya choo. Ilibidi. Simu ile ilikuwa imekufa sikio, haikuzungumza ila kwa kipaza sauti, na alichoulizwa kila siku kilikuwa kile kile: umekula kuku leo? Umeshika kuku leo? Phelista alimwona akikimbia, akadhani ni tumbo la mfungo, akamwekea maji ya uvuguvugu.

Halafu akaja Wekoye, kaka mkubwa wa Wabwile na msemaji wa ukoo. Hakukaa hata kitini.

"Jumamosi tunaenda Kitale," alisema. "Watu wa Gichuki wameita."

Nasike, binti pekee wa Wabwile, alikuwa amekaa miaka mitatu mjini Kitale na kijana anayeitwa Kibe, mtoto wa Gichuki. Ng'ombe wa mahari walishafika Bungoma mwezi uliopita, mmoja wao anachechemea. Kilichobaki ni kimoja. Kwa watu wa Wabwile baba hali chakula kwa binti yake mpaka ng'ombe wafike, na siku atakayokula kwa mara ya kwanza huwekewa kuku, na juu ya kuku imondo, yaani firigisi, nyama ya wanaume tu, ikiwa nzima, haijakatwa vipande. Akiila, mtoto ameolewa. Asipoila, amekataa, ng'ombe wanarudi na binti anarudi. Hakuna kuonja wala kusema nitakula kesho.

Wabwile alihesabu kwa vidole chini ya meza. Jumamosi ingekuwa siku ya ishirini na sita.

"Si tusogeze mpaka Jumanne?"

"Jumanne uko na nini?"

"Sina kitu."

"Na Jumamosi uko na nini?"

Alikuwa na kitu Jumamosi, tena kikubwa, lakini kwa jinsi alivyokipanga hakikuweza kutajika.

"Basi," Wekoye alisema. "Piga suti pasi."

*

Nyumba ya Kibe na Nasike ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili mtaa wa Tuwan, na asubuhi ya Jumamosi haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Gichuki na mkewe Waruguru walikuwa wameteremka kutoka shambani kwao Saboti na mbuzi mzima aliyechinjwa alfajiri, sufuria tatu, na viti vya kanisa. Jogoo alikamatwa na Kibe mwenyewe, akamchinja na kumnyonyoa, akaingia kuoga akiimba.

Jikoni, Waruguru aliinua firigisi kwa vidole viwili, akaiangalia upande huu na upande huu.

"Hii ndiyo baba yako anatoka Bungoma kuja kula?"

"Ndiyo, mama. Usiikate vipande tafadhali. Inawekwa juu, ikiwa nzima."

"Sisi tumeleta mbuzi. Mbuzi mzima, na kichwa. Na ndoa iko kwa hii?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kila mtu na mambo yake." Akairudisha ndani ya bakuli, akanawa.

Nasike aliinamia jiko. Mwaka jana shangazi ya Kibe alipofariki, wake wa nyumba ile walifungwa vitambaa sare wakaketi hemani, na yeye, aliyekuwa amekesha siku nne akipika, akaambiwa na huyu huyu Waruguru, kwa upole kabisa, "Wewe bado si wa kuketi hapa. Wasaidie wasichana sahani." Akaziosha sahani pamoja na wasichana wa kukodiwa, na mmoja wao akamuuliza kama naye analipwa kwa siku. Wageni wakija nyumbani Waruguru humtambulisha kama "msichana anayekaa na Kibe." Si kwa ubaya. Ni kweli ndivyo ilivyokuwa, na hilo ndilo lilimuuma Nasike.

"Mbona unatetemeka?" Kibe alimuuliza, anajifuta kichwa kwa taulo. "Mzee atakula tu. Kwani umewahi kuona Mluhya akikataa kuku?"

Nasike akacheka, na kweli moyo ukatulia kidogo. Akaichemsha firigisi kwa moto mdogo, peke yake, akiichunga kama mtoto.

*

Wageni walifika saa sita unusu: Wabwile ndani ya suti ya kijivu, Wekoye na fimbo yake, Phelista na kitambaa kipya kichwani. Kwa heshima ya mama mkwe na mkwe, Phelista aliwekewa kiti pembeni kabisa karibu na mlango wa jikoni, akampa Kibe mgongo. Wakaomba. Wakatambulishana. Gichuki na Wekoye wakapeana maneno kwa saa nzima juu ya yule ng'ombe anayechechemea, mmoja akisema aliondoka Saboti mzima na mwingine akisema labda alitembea kwa miguu ya kukopa. Hatimaye maji ya kunawa yakapitishwa, na mgeni akishanawa hainuki mpaka ale.

Nasike alipiga goti akaweka sahani mbele ya baba yake. Ugali, kuku, na juu yake firigisi, inang'aa kwa mafuta. Kibe akainua simu kurekodi.

"Karibu, baba."

"Asante, mama," Wabwile akamjibu, maana binti huyu alikuwa amepewa jina la mama yake mzazi, na tangu azaliwe hakuwahi kumwita vingine.

Harufu ilimpanda puani ikamshuka hadi magotini. Siku ishirini na sita! Alinyoosha mkono, ukapita juu ya firigisi, ukapita juu ya kuku, ukatua kwenye bakuli la sukuma wiki.

"Nitaanza na mboga," alisema.

Hakuna mtu duniani anayeanza na mboga. Wekoye aliinama sikioni kwake, ingawa kunong'ona kwa Wekoye husikika hadi barabarani.

"Ndugu yangu. Imondo hiyo."

"Naiona."

"Haionwi. Ni chakura. Inariwa."

"Haijaiva?" Gichuki aliuliza.

"Nilisema ikaangwe," Waruguru alisema.

"Imeiva vizuri sana," Wabwile alisema. "Ni tumbo langu tu, leo—"

Hapo Phelista, kwa upendo wote, akamwokoa. Alijigeuza nusu kitini, uso umejaa fahari.

"Wazee, mnisamehe. Baba Nasike hawezi kusema kwa sababu hapendi kujisifu. Amefunga."

"Amefunga nini?"

"Amefunga kuku."

 Gichuki akaweka kijiko chini. "Amefunga kuku, ama amefunga kuku yetu?"

"Kuku zote!"

"Mfungo hufunguriwa," Wekoye alisema haraka. "Mungu ni mtu mzima, mambo ya ukwe anayajua. Wabwile, fungua."

Wabwile hakufungua. Akachota sukuma wiki tena. Kibe akashusha simu pole pole, akaacha kurekodi. Waruguru alimgeukia mumewe na kusema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Nilikuambia. Wanataka ng'ombe ingine."

"Mzee," Gichuki akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "kama ni ile ng'ombe ya mguu, tuambiane kama wanaume. Lakini usinikatalie chakula nyumbani kwa mtoto wangu."

Nasike alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na jagi la maji. Hakuna aliyemtazama.

Ikalia simu. Ilikuwa saa nane kamili.

Wabwile aliiangalia ikitetemeka mezani. Jana mtandao ulimkosesha simu hii, na asipojibu siku mbili mfululizo anafutwa. Alibonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto, na sauti ya Sista Rosaline ikajaza vyumba vyote viwili.

"Mzee Wabwile, habari ya siku ya ishirini na sita! Umekula kuku leo?"

"Bado," Wabwile akasema.

"Bado? Mzee, bado ndiyo nini?"

"Niko naye hapa."

"Nani?"

"Kuku. Amepikwa. Tunaangaliana."

"Nani huyo mwanamke?" Phelista alikuwa amesimama. "Nani huyo anakuuliza umekula nini mchana?"

"Ni sista, Mama Nasike. Wa kliniki. Mimi ninameza dawa ya majaribio. Ya homa ya ndege."

"Na mfungo?"

"Sikufunga."

"Mchungaji amekuombea kwa jina!" Phelista alilia. "Kuku zangu ziko Kapsokwony! Nimesimama kanisani, watu wananiangalia, nasema Mungu ametenda, kumbe ni tembe?"

Gichuki alivuta kiti chake nyuma kidogo. "Uko na hiyo homa?"

"Sina. Mimi ni mzima. Walinichagua kwa sababu ni mzima." Aliona haya kwa jinsi alivyolisema neno hilo kwa raha. "Kwanza wanaangalia kama dawa haidhuru mtu, ndio wampe mgonjwa."

"Na mgonjwa yuko wapi?"

"Hajapatikana."

"Kwa hivyo unakataa firigisi kwa ajili ya mtu hajaugua."

"Ndiyo."

"Na hiyo dawa ni dawa kweli?"

Wabwile alishusha sauti. "Inaweza kuwa unga."

"Unga?"

"Nusu yetu tunameza unga tu. Hatujui ni nani."

Gichuki alimtazama Wekoye. Wekoye alimtazama Gichuki. Tangu wakutane wazee hawa hawakuwa wamepatana kwa jambo hata moja, lakini hapo walisogeza viti vyao wakakaa bega kwa bega mbele ya simu, tayari kwa majadiliano.

"Sista, hamjambo huko," Wekoye alianza, na kukohoa kama afanyavyo akifungua kikao cha mahari. "Unaongea na msemaji wa ukoo. Hatujaja kugombana. Hiyo fomu yako inasema kuku?"

"Kuku, mzee."

"Kuku ni kitu iko na miguu. Firigisi ni ya ndani. Hiyo si kuku kamiri."

"Mzee, fomu inasema kuku na chochote kinachotoka kwa kuku."

"Na mchuzi?" Gichuki akauliza.

"Na mchuzi."

"Na harufu? Kwa sababu harufu ameshakula."

Sista alitafuta kwenye fomu. Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Harufu haijaandikwa," alisema.

"Sasa unaona! Tunasonga," Gichuki alisema, akapiga meza. "Akiweka mdomoni asimeze?"

"Hapana, baba."

"Zimebaki siku mbiri," Wekoye alisema. "Wewe mtu wa Mungu, utupunguzie mbiri tu. Hata serikari husamehe."

"Siwezi kupunguza siku. Siku ni siku."

"Basi tukupe mtu mwingine badala yake," Gichuki alisema. "Kijana. Ako na nguvu kama trakta. Kibe, simama sista akuone."

Kibe akasimama mbele ya simu.

"Huyo kijana amegusa kuku lini?"

Wote walimtazama Kibe, ambaye alikuwa bado na unyoya mdogo mweupe nyuma ya sikio.

"Leo," Kibe alikiri.

"Ngai," Gichuki alisema, akajifuta paji la uso.

Ndipo Sista Rosaline akaongea kwa sauti nyingine, ya mtu aliyechoka. "Wazee, nisikilizeni. Mimi siwezi kumkataza Mzee Wabwile kula. Ni haki yake kutoka wakati wowote, iko ukurasa wa kwanza. Mzee, kula. Halafu niambie umekula, mimi nitaandika umetoka, tutafunga, na kazi yangu itaisha, sawa. Lakini tafadhali usinidanganye. Hii kitu ikianza kuua watu, hakuna mtu atapata mwezi mzima wa kutafuta watu arobaini. Watachukua ile iliyoandikwa. Sitaki mgonjwa apewe dawa kwa sababu ya uongo wangu ama wako."

Wekoye alirudisha kiti chake mahali pake. 

Wabwile alitazama sahani. Aliwaza habari ya pamba mkononi, na daftari, na sista yule wa kliniki anayejua jinsi anavyolala kuliko hata Phelista anavyojua. Aliwaza mtu asiyemjua, mahali fulani, anakohoa. Kisha akainua macho akamwona binti yake mlangoni, jagi limeinama na maji yanamwagikia miguuni mwake bila yeye kujua.

"Sista," alisema. "Niko na mtoto mmoja tu wa kike."

"Naelewa, mzee."

"Unisamehe. Niandike nime—"

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Lakini mkono mwingine ulifika kwanza.

Nasike aliichukua firigisi kutoka juu ya kuku. Aliishika wazi mbele ya watu, mafuta yanamtiririka kwenye kifundo cha mkono.

"Acha, baba," alisema. "Ulikuwa unaenda kula. Nimeona. Hiyo inanitosha." Akageuka akawatazama wengine. "Miaka mitatu nangoja mdomo wa mtu ufunguke ndio niwe bibi ya mtu. Nimepika matanga yenu. Nimeosha sahani zenu. Nimelala kwa hii nyumba na nikaamka kwa hii nyumba, na ati sijaolewa mpaka mzee ameze kitu! Kama ndoa yangu iko ndani ya hii, si nimeze mwenyewe?"

Akaitia mdomoni.

"Mwanamke!" Wekoye aliruka, fimbo ikaanguka. "Mwanamke anakura imondo! Itoe! Nasike, itoe!"

Nasike alitafuna. Firigisi nzima si kitu cha kutafuna haraka, na alichukua muda wake, mashavu yamejaa, macho yamejaa machozi, watu wazima sita wakimtazama taya.

"Halo?" simu iliita. "Halo? Nani amekula? Mzee, umekula?"

"Si mimi," Wabwile alisema. "Ni msichana wangu."

"Huyo msichana ni mshiriki wa utafiti?"

"Hapana."

"Wewe umegusa?"

"Sijagusa."

"Basi hakuna shida," Sista Rosaline alisema, na ikasikika kalamu ikiandika. "Siku ya ishirini na sita: hapana, na hapana. Asante sana, mzee. Mfurahie sherehe." Akakata.

Waliobaki walitazamana. Gichuki alikuna kidevu. "Sasa imekuwa aje?" alimuuliza Wekoye, kwa heshima kabisa, kama mtu anayetaka kujifunza. "Kwa mila yenu. Hapo ameolewa, ama hajaolewa?"

Wekoye aliokota fimbo yake. Wazee waliomfundisha mambo haya walimfundisha baba akikula na baba akikataa. Hawakumfundisha hili. "Hapo," alisema mwishowe, "hapo hakuna desturi."

"Ameolewa," Wabwile alisema. "Ng'ombe hawarudi. Hata yule wa mguu."

 Waruguru aliinuka, akachukua kitambaa, akapiga magoti, yeye mwenyewe, akaanza kupangusa maji yaliyomwagika miguuni pa Nasike. Nasike alijaribu kumzuia. Waruguru akampiga kofi dogo mkononi aondoe mguu.

Phelista alikuwa bado amesimama kule pembeni. Hasira ya mfungo ilikuwa haijamtoka, na mumewe angeipata yote njiani, kutoka Kitale hadi Bungoma, bila kituo. Lakini si hiyo iliyokuwa usoni mwake. Tangu awe msichana wa miaka saba alikuwa amepasua, amekwangua, ameosha na kupika firigisi za baba yake, za kaka zake, za mume wake, za wachungaji na machifu, na kuzipeleka mezani zikiwa moto, na hakuwahi hata mara moja kulamba kidole. Alimsogelea binti yake karibu sana.

"Nasike," aliuliza kwa sauti ndogo. "Ikoje?"

Nasike alimeza. Alifikiri kwanza, kwa sababu mama yake alikuwa ameuliza kwa dhati.

"Ni nyama tu, mama," alisema. "Tena ngumu."

 Phelista akaburuta kiti chake kutoka kule pembeni hadi mezani, akakiweka katikati ya Wekoye na Gichuki, akaketi, akanawa, na kuvuta sahani ya kuku mbele yake.